Kesi ya Mzee wa Sanduku

Asubuhi ile nilitoka Kasongo bila mpango. Nilikuwa na shati moja mwilini, jingine ndani ya mfuko wa plastiki, kalamu mbili, na simu niliyoichaji mpaka ikajaa. Nilijua ninakwenda Wamaza. Nitakapofika nitafanya nini, nitaongea na nani, nitalala wapi, hayo sikuyajua. Nilipopanda nyuma ya pikipiki na ukungu bado umelala juu ya mashamba ya mpunga, moyo ulikuwa unaruka kama wa mtu anayekwenda harusini.

Motari aliyenipakia alikuwa mtu wa njia ile. Alipeleka sabuni, chumvi na betri, akarudi na karanga na maneno ya watu. Ndiye pia aliyekuwa akipeleka gazeti letu. Nasema letu, ingawa sikuwa mfanyakazi wake. Ni karatasi chache zilizokunjwa, zinazotolewa kwa mashine ya fotokopi karibu na soko, na kila nakala huzunguka mtaani mpaka inakuwa laini kama kitambaa cha kufutia jasho. Mimi nilikuwa naandika kona ya filamu, ukurasa wa nyuma, chini. Malipo yangu yalikuwa mlango: katika vyumba vyote vya video vya Kasongo niliingia bure, na hakuna aliyeniuliza nimeishia darasa la ngapi.

Sasa kona ile ilikuwa inataka kufa, na mwenye kuiua alikuwa mzee mmoja wa ndani ya filamu.

Lazima nieleze jinsi tunavyotazama. Filamu zinatufikia kutoka nchi za mbali, zikisema lugha ambazo hata padri hazijui. Kwa hiyo kando ya televisheni huketi mfasiri. Wa Kasongo, yule niliyempenda kuliko wote, zamani aliuza dawa za panya sokoni kwa bomba la sauti, kile kipaza cha mkononi, na sauti ile hakuiacha sokoni. Yeye pia haijui lugha ya filamu. Anatazama sura, anatazama mikono, anakisia, na anachokisia kinakuwa ndiyo filamu. Kila mchezaji anampa ukoo. Huyu baba mkwe, huyu mke mdogo, yule shemeji mwenye wivu. Tunamwamini, kwa sababu bila yeye tungekuwa tunatazama watu wakifungua midomo tu.

Filamu iliyoleta shida ilikuwa ya nchi ya theluji. Mwanamke anakufa, anaacha mtoto. Anakuja mzee mwenye koti refu, analala pale siku chache, halafu alfajiri moja anatoka na sanduku la mbao ambalo lilikuwa chini ya kitanda cha marehemu. Mtoto anamfuata mbio kwenye theluji. Basi siku niliyoitazama mimi, mvua ilikuwa inapiga mabati, watu wamejaa, nimebanwa mlangoni. Mzee alipolibeba sanduku, mfasiri wetu aliruka kwenye kiti.

“Mwizi! Muangalie mwizi! Anakula mali ya yatima!”

Sisi sote tukapiga kelele pamoja naye. Wengine walivua kandambili wakazinyanyua tayari kumpiga. Nikaenda nyumbani nikaandika kwamba sijapata kuona mwizi mwenye uso wa upole namna ile. Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliisoma kwa sauti peke yangu.

Gazeti likaenda Wamaza. Motari aliporudi alikuwa nalo bado, fungu zima, limefungwa kwa kamba ileile.

“Wamekataa,” alimwambia mhariri. “Wanasema gazeti imetukana mujomba wa watu.”

Kumbe filamu ileile ilikuwa imeshafika Wamaza kabla yetu. Kule walikwisha kuiangalia, wakaikalia kikao kama kesi ya kijiji, wakasema mzee si mwizi, ni kaka ya marehemu, na sanduku la dada yake ni haki yake kulichukua. Watu wazima walikuwa wametoa hukumu. Halafu mimi, kutoka Kasongo, nikaandika mwizi.

Mhariri wetu alikuwa mwalimu zamani, na bado alikuwa na tabia ya kukuacha umesimama.

“Weye, nilikutuma uandike filme ao uhukumu watu?”

“Shefu, ile mutu iko mu filme. Si mutu wa kweli.”

“Wamaza wanasema iko mutu wa kweli. Na wao njo wanasoma.” Alivua miwani. “Sikiliza vizuri. Kama Wamaza inapokea gazeti ijayo, kona yako inabaki. Kama inakataa tena, naweka mupira pale. Mupira haitukanake mujomba wa mutu.”

“Na refa, Shefu?”

“Refa hana wajomba.”

Ndiyo maana nilikuwa juu ya pikipiki. Nimefanya kazi nyingi: nimesukuma mitumbwi Nyangwe, nimebeba magunia, nimechaji simu za watu sokoni. Zote niliziacha bila kugeuka nyuma. Ile kona peke yake ndiyo sikutaka kuiacha. Kila nilipotoka kwenye chumba cha video nikiwa na jambo la kuandika, nilitembea haraka kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kipande cha chungu, asije akalizima njiani.

Barabara ilikuwa nyekundu na laini baada ya mvua. Kwenye madaraja ya magogo nilishuka, motari akapitisha pikipiki polepole, miguu yote miwili chini, akiisemesha kama ng’ombe. Tulipofika kwenye njia kavu akaanza kucheka.

“Kwa hiyo njo weye ulimuita mujomba mwizi.”

“Sikujua kama ni mujomba.”

“Mimi nilikuwa mu ile kikao. Nilimutetea.”

“Kikao ilifanyika saa gani? Nyuma, filme ikiisha?”

“Nyuma? Mule mule ndani. Kule filme inasimamishwaka.”

“Inasimamishwa na nani?”

“Na Mama, mufasiri wa kule. Anafinya rimoti, inasimama, watu wanaongea. Wakimaliza, anafinya tena.”

Nilimshika mabega kwa nguvu mpaka pikipiki ikayumba. Katika maisha yangu nimeona filamu kwenye televisheni, kwenye simu, na mara ya kwanza kabisa huko Nyangwe, kwenye shuka jeupe lililofungwa kati ya pondo mbili za mtumbwi, upepo wa mto ukiwapa wachezaji matumbo makubwa. Lakini filamu iliyosimama ikawangoja watu wamalize kubishana, hiyo sikuwahi kuisikia. Nikaanza kumuuliza. Inasimama mara ngapi? Nani anaanza kusema? Watoto wanaruhusiwa? Mtu akikasirika?

“Jurnalisti,” alisema, “acha nione njia. Ukifa hapa, kesi yako itabaki.”

Tulifika jua likiwa limepita utosi. Nilidhani ataniweka mahali pa kivuli, nijipange. Alizima pikipiki katikati ya soko, mbele ya mama mmoja anayeuza karanga za kukaanga, akanyanyua mkono wangu juu kama wa bondia.

“Mulimutafuta? Huyu hapa!”

Mama wa karanga alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

“Njo huyu?”

“Njo huyu.”

“Kumbe iko na sura ya kawaida tu. Mimi niliwaza iko na pembe.” Akanipimia karanga kwenye kipande cha karatasi. “Kula kwanza. Hatuhukumu mutu na njaa.”

Nilikula nikiwa nimesimama, watu wakija kuniona. Halafu nikafanya jambo la maana ambalo nalijua kutokana na kuzunguka kwangu: ukifika mahali pageni, tafuta godoro kabla ya kitu kingine. Walinionyesha nyumba ndefu ya matofali mabichi yenye milango mitatu ya bluu. Mwenye vyumba alikuwa mwanaume mwembamba, anasuka kitanda cha kamba uani.

“Baba, naomba chumba.”

“Vyumba viko.”

“Vimejaa?”

“Hapana. Viko wazi vyote.”

“Basi?”

Alikaza kamba, akaivuta kwa meno. “Weye njo mutu wa gazeti. Kesi yako haijaisha. Nikikulaza, watasema nimeisha kukata kesi peke yangu.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mto umejaa na mtumbwi hauvuki. Nikamuuliza kesi inasikilizwa wapi. Akanionyesha kwa kidevu, kisha akaacha kamba zake, akanawa mikono, akanifuata. Alipokuja yeye, mama wa karanga naye akafunika sinia lake akaja. Nilipofika mlangoni mwa chumba cha video tulikuwa kundi.

Kilikuwa chumba cha udongo na mabati, paneli za sola juu, madirisha yamezibwa kwa magunia yaliyoshonwa ili pawe giza. Mabenchi yalikuwa ya mianzi. Mfasiri alikuwa mama mnene aliyevaa kitenge na koti la suti la kiume, mkononi ana rimoti iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Bomba la sauti hakuwa nalo.

“Umekuja kujitetea ao kuangalia?” aliniuliza.

“Kuangalia, Mama.”

“Vizuri. Keti mbele. Macho njo itakutetea.”

Akaweka filamu. Theluji ileile, nyumba ileile. Lakini ilikuwa filamu nyingine kabisa! Yule wa kwetu hujaza kila nafasi kwa maneno. Huyu alisema kidogo, kwa sauti ya mtu anayeongea jikoni, halafu akanyamaza, na katika ukimya ule nilisikia viatu vya wachezaji vikikanyaga mbao. Sikuwahi kujua kwamba ile nyumba ina saa ya ukutani inayogonga. Mwanamke alipokufa, Mama alifinya rimoti. Picha ikasimama juu ya mkono wa marehemu.

“Hapa kwanza. Siku ngapi amelala mugonjwa, na watu wa kwao hawajafika. Nani iko na kosa?”

“Bwana! Hakutuma habari!” alisema mwanaume mmoja wa nyuma.

“Bwana iko wapi? Umemuona mu hii filme?” alimjibu mama wa karanga. “Unahukumu mutu hata hajaonekana!”

Watu wakacheka. Wakabishana kidogo, mpaka wakakubaliana kwamba theluji ndiyo iliyofunga njia, kama mvua inavyofunga ya kwetu, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Mama akafinya, filamu ikaendelea. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa benchi. Kwetu tunaikimbiza filamu. Hawa walikuwa wanaiketisha chini na kuihoji.

Ikafika ile alfajiri. Mama hakusema neno lolote. Mzee akapiga magoti, akavuta sanduku, akalibeba mpaka mlangoni. Halafu akafanya jambo ambalo mimi, Kasongo, katika kelele za mvua na mfasiri na kandambili hewani, sikuliona. Aliliweka sanduku chini. Akarudi. Akamfunika mtoto blanketi mpaka kidevuni. Akatoka, akafunga mlango polepole, kisha akausukuma kwa kiganja kuona kama umeshika vizuri.

Mama akafinya. Kile kiganja kikabaki kimetulia juu ya mbao.

“Mugeni wa gazeti, simama.”

Nikasimama.

“Umeona?”

“Nimeona, Mama. Mwizi hasukumi mulango kuona kama imefunga.”

Chumba kililipuka. Motari, aliyekuwa amekwishashusha mizigo yake, alipiga mluzi. Mtu akanipiga mgongoni. Ningeweza kuketi pale, nipate kona yangu na godoro langu. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikera kwenye jicho, kama unyasi. Nilikuwa sina uhakika. Na mimi nikiwa sina uhakika siwezi kutulia. Ndiko kulikoniondoa shuleni, kuuliza mambo ambayo hayakuwa kwenye somo.

“Mama,” nikasema, “samahani. Unaweza kurudisha nyuma kidogo? Uso wa mutoto sikuona vizuri.”

“Mutoto analala,” wakasema watu.

“Labda. Nataka tu kuona.”

Mama alinitazama, akafinya. Picha zikarudi nyuma, mzee akitembea kinyumenyume kama mtu aliyesahau kitu, mpaka kwenye blanketi. Akasimamisha. Mama wa karanga aliondoka kwenye benchi lake, akaenda mpaka karibu na kioo, akainama.

“Ayi!” alisema. “Macho iko wazi!”

Wote wakasogea. Kweli. Chini ya blanketi macho mawili madogo yalikuwa wazi, yanamtazama mzee. Na mzee alikuwa anayatazama.

“Alijua,” alisema mwenye vyumba taratibu. “Mujomba alijua mutoto iko macho. Na akaenda bila kuaga.”

Kilichofuata siwezi kukiandika chote, kwa sababu walisema wote kwa pamoja.

“Angeaga, mutoto angelia!”

“Alie basi! Ni mujomba wake, atalia mbele ya nani mwingine?”

“Sanduku ni haki yake!”

“Sanduku tunajua! Hatuongee sanduku tena! Tunaongea mudomo! Mudomo yake ilikuwa na kazi gani?”

“Weye mwenyewe ulienda ku mashamba wiki nzima bila kuaga bibi yako!”

“Na alinifunga inje, hamukuona?”

Mwanaume aliyeanza kwa kumtetea mjomba akahamia upande mwingine wa chumba, na mabenchi yote yakazomea, wengine wakapiga makofi. Motari alikuwa amesimama juu ya benchi anaapa kwamba hata yeye, na haraka yake yote, hajawahi kuondoka nyumbani bila kumuaga mtoto wake. Jua lilifunikwa na wingu, sola ikachoka, televisheni ikazima kabisa, na hakuna hata mmoja aliyegundua. Filamu ilikuwa imezima na bado tulikuwa ndani yake.

Mama alinivuta mkono tukatoka nje. “Piga ku shefu wako,” alisema.

Nyuma ya chumba kuna kichuguu, na mtandao unapatikana juu yake tu. Nilipanda. Mhariri aliitikia haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi.

“Kelele gani hiyo? Kuko vita?”

“Hapana, Shefu. Ni filme.”

“Wanakupiga?”

“Wanabishana! Shefu, hapa filme inasimama, watu wanaihukumu, na leo kesi imefunguka tena kwa sababu ya macho ya mutoto, na...”

“Gazeti watapokea ao hapana?”

Nilimtazama Mama. Alinyoosha mkono, nikashuka, akapanda yeye na koti lake, akaishika simu mbali kidogo na sikio.

“Shefu, jambo. Uko na afya? Sawa. Tuma gazeti. Ile ya zamani hatutaki, funga vitumbua nayo. Mupya, tutapokea. Lakini aandike haki ya mujomba, na kosa ya mujomba, na vile tulibishana. Asikate kesi. Kesho tunaendelea, na kesho kutwa kama haiishe. Kwa hiyo asirudi kwanza, mumuache hapa.”

Alinirudishia simu.

“Andika yote,” mhariri akasema. “Ukurasa muzima. Mupira itangoja.”

Nilimwambia asante mara nyingi kuliko inavyofaa. Nilipokata simu niligundua kwamba nacheka peke yangu juu ya kichuguu, na mchwa wananipanda miguuni. Ukurasa mzima! Na si kuhusu mwizi, wala kuhusu mzee peke yake. Nilikuwa nimeshaona jinsi nitakavyoanza: na mama wa karanga akiinama karibu na kioo.

Niliporudi mbele, mwenye vyumba alikuwa ananingoja, mikono nyuma.

“Chumba kiko,” alisema.

“Kesi yangu imeisha?”

“Yako imeisha. Ya mujomba njo imefunguliwa.”

Tulitembea pamoja mpaka kwenye ile nyumba ndefu. Alinifungulia mlango wa katikati. Kulikuwa na kitanda cha kamba mpya zinazonukia majani, chandarua kilichofungwa fundo, beseni la maji, na dirisha linalotazama shamba la mihogo ambalo jua la jioni lilikuwa linalipaka rangi ya mawese. Alipiga godoro kwa kiganja ili vumbi litoke, akaniambia choo kiko upande gani na jogoo gani wa kutomsikiliza, kwa sababu anawika ovyo. Kisha hakuondoka. Alisimama kizingitini, anakuna shingo.

“Lakini nikuulize,” alisema. “Weye, ungekuwa ule muzee, na mutoto anakuangalia vile. Ungesema neno gani?”

Niliketi kitandani, nikasogea pembeni kumpa nafasi, akaja akaketi.